Stellaris au Master of Orion II: mgeni wa dola za angani aanze na ipi?

Kila shule zikifungwa, vijana wa mtaani kwetu Makorora, hapa Tanga, huniletea swali lile lile: gemu ya kujenga dola angani, waanze na ipi? Wengi wamekwisha kuiona Stellaris kwenye video na roho zao zimeipenda. Wachache wamesikia kwa kaka zao habari za Master of Orion II. Nimezicheza zote mbili kwa miaka, nazipenda zote mbili, na sina jibu moja linalomfaa kila mtu. Inategemea kompyuta uliyonayo, utacheza na nani, na una subira ya namna gani. Kila nitakapofika kwenye hatua za mwanzo nitakueleza ufanye nini, maana mchezaji mgeni huangushwa na ghala lake mwenyewe kabla adui hajamwona.

Master of Orion II ilitoka mwaka 1996, imetengenezwa na Simtex ikauzwa na MicroProse. Inachezwa kwa zamu. Unapanga mambo yako yote, unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, wapinzani wanafanya yao, kisha unarudi kupanga. Hakuna kinachosogea mpaka wewe uruhusu. Stellaris ilitoka Mei 2016, kazi ya Paradox ya Sweden. Humo kalenda inatembea yenyewe, kuanzia tarehe 1 Januari 2200, siku baada ya siku, na wewe unaisimamisha ukitaka kufikiri. Katika zote unaanza na sayari moja ya nyumbani na meli chache, unapeleleza nyota za jirani, unapeleka walowezi, unatafiti, unafanya mikataba na mataifa mengine au unapigana nayo.

Mashine, bando na umeme

Hapa hakuna ushindani. Master of Orion II yote iliingia kwenye CD moja. Ilitengenezwa kwa kompyuta za enzi za DOS na Windows 95, kwa hiyo laptopu yoyote ya mtumba inaibeba bila kuhema. Siku hizi huuzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya GOG na Steam kwa bei ndogo, unaishusha mara moja, basi. Hutadaiwa masasisho wala nyongeza.

Stellaris inataka mashine yenye nguvu, hasa prosesa. Miaka mia ya kwanza ya mchezo huenda vizuri hata kwenye kompyuta ya wastani, lakini dola zikishajaa watu, kila siku ya kalenda inakuwa na hesabu nyingi na mwendo unazama. Dawa yake ni kuchagua galaksi ndogo unapoanza: zipo za nyota 200, 400, 600, 800 na 1,000. Chukua ya 200. Usione haya, mgeni hahitaji nyota elfu moja, na mchezo mmoja utaumaliza badala ya kuuacha katikati. Halafu kuna nyongeza zinazouzwa mbali, nyingi, na ukizijumlisha bei yake inatisha. Nunua gemu yenyewe tu, tena subiri punguzo, maana hushushwa bei mara kwa mara. Nyongeza zitakuja ukishajua unachokikosa.

Bando pia linahusika kwa namna ambayo wengi hawaifikirii. Stellaris inabadilishwa mpaka leo, na mabadiliko yake huwa makubwa. Februari 2018 waliondoa njia nyingine za kusafiri wakaacha zile barabara za nyota kwa nyota peke yake. Desemba mwaka huo huo wakaupindua uchumi mzima. Mei 2025, na toleo la 4.0, wakabadilisha namna watu wa sayari wanavyohesabiwa. Kwa hiyo ukifungua video ya mafunzo, angalia kwanza tarehe yake. Ushauri mzuri wa mwaka 2017 unaweza kukufilisi leo. Master of Orion II haina shida hiyo, kwani alichoandika mtu mwaka 1997 kinafanya kazi vile vile.

Umeme ukikatika ghafla, kwenye gemu ya zamu umepoteza zamu moja au mbili. Kwenye Stellaris, ingia kwenye mipangilio uongeze kasi ya kujihifadhi yenyewe, usisubiri kila mwaka wa mchezo. Na katika miezi ya kaskazi, joto letu hili la Disemba mpaka Machi, laptopu inayoendesha Stellaris chumbani bila feni itapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Icheze usiku.

Peke yako au na wenzako

Master of Orion II inaruhusu watu kadhaa kucheza kwenye kompyuta moja kwa kupokezana kiti. Wewe unapanga zamu yako, unainuka, mwenzako anakaa. Kwa maisha ya pwani sijui gemu inayofaa zaidi. Usiku wa Ramadhani, baada ya tarawehe, laptopu moja barazani inawatosha vijana wanne mpaka daku, na yule anayesubiri zamu anakunywa kahawa na kuvunga kwamba hatazami skrini. Mazungumzo ya mikataba yanafanyika uso kwa uso. Uongo pia.

Stellaris nayo inachezwa na wengi, lakini kila mmoja awe na kompyuta yake, gemu yake na mtandao unaotulia. Kwa mtu mmoja chumbani kwake, hata hivyo, Stellaris ni tajiri kuliko. Ina visa: meli yako ya utafiti inakuta mabaki ya ustaarabu uliokufa, unaulizwa ufungue lango au uliache, na jibu lako linarudi kukutafuta miaka thelathini baadaye. Anayependa hadithi atapata humo hadithi mpya kila akianza. Master of Orion II ina majoka ya angani yanayolinda nyota nzuri, ina mashujaa wa kukodi, ina mlinzi wa sayari ya Orion, lakini haina ule utamu wa simulizi.

Ipi inakufundisha?

Kwangu hili ndilo swali zito, na hapa naegemea upande mmoja wazi. Gemu ya zamani ni mwalimu bora.

Tazama uchumi wake. Kila kipande cha watu kwenye sayari unakishika kwa kipanya na kukiweka mahali pamoja kati ya patatu: shambani, kiwandani au maabara. Kwenye sayari ya kawaida mkulima analeta chakula 2, mfanyakazi wa kiwanda analeta 3, mwanasayansi analeta 3. Ukimtoa mtu shambani kumpeleka maabara, unaona papo hapo chakula kimeshuka na utafiti umepanda. Sayari yenye madini mengi inampa mfanyakazi 5, yenye madini tele kupindukia inampa 8, na ile maskini kabisa inampa 1. Hesabu ya namna hiyo mtoto wa darasa la tano anaifanya kichwani.

Kwenye Stellaris mambo ni mnyororo. Madini yanaingia kiwandani yanatoka aloi, na aloi ndiyo inayojenga manowari na vituo. Madini hayo hayo yanaingia kwingine yanatoka bidhaa za matumizi, na watafiti wanazila bidhaa hizo. Juu yake kuna nishati, chakula, ushawishi na umoja. Mgeni anajenga maabara tatu kwa furaha, bidhaa za matumizi zinakwisha, wananchi wananuna, uzalishaji unashuka kila mahali, na yeye haoni kwamba chanzo ni zile maabara tatu. Kosa limefanywa Machi, maumivu yanakuja Oktoba. Ukiwa umeshaujua mchezo, huo ndio utamu wenyewe. Kwa mgeni ni giza.

Utafiti nao uko tofauti kabisa. Katika Master of Orion II kila hatua ya elimu inakupa vitu viwili au vitatu, na kwa mataifa mengi unachukua kimoja, vilivyobaki vinakupita. Utavipata kwa kubadilishana, kwa kuiba au kwa kuteka. Hiyo inakulazimisha kujijua unataka nini. Stellaris inakupangia karata chache kwa kila tawi kati ya matatu, unachagua moja, na nyingine zinaweza kurudi siku nyingine. Ni laini zaidi, lakini huwezi kupanga safari ndefu kwa uhakika.

Hatua za mwanzo ukichagua Master of Orion II

Chagua kiwango cha chini kabisa cha ugumu, na kuanza kwa kiwango cha kati, ambako unapewa meli mbili za upelelezi na moja ya walowezi. Galaksi ndogo ina nyota 20, inatosha.

Kati ya mataifa 13, wageni wengi hushauriwa kuchukua Psilon, kwa kuwa wao wanapata vyote katika kila hatua ya utafiti bila kuchagua, na wanasayansi wao wana nguvu ya ziada. Ni ushauri mzuri kwa anayetaka kushinda mapema. Mimi nawapa wanafunzi wangu Klackon kwanza. Serikali yao ya umoja inaongeza chakula na viwanda kwa asilimia 50, na morali haiwasumbui kabisa, kwa hiyo mgeni anabaki na kitu kimoja cha kujifunza, nacho ni kutanuka. Upungufu wao ni kwamba hawachagui matunda ya utafiti, gemu inawachagulia. Ukiwashinda wapinzani hivyo, ukihamia Psilon utajiona umefunguliwa mlango. Psilon nao wana lao: wamezaliwa kwenye sayari ya mvutano mdogo, yaani isiyovuta vitu chini kwa nguvu, na kwenye sayari za mvutano wa kawaida kazi yao hupungua.

Kabla hujatuma mtu mbali, chungulia mfumo wako mwenyewe. Kama kuna sayari nyingine inayozunguka jua lako, jenga kituo cha koloni, kinagharimu vipimo 200 vya kiwanda. Meli ya walowezi inagharimu 500. Kituo cha nje cha kawaida ni 100 tu, hakina watu, lakini kinaongeza umbali ambao meli zako zinaweza kufika. Wageni wengi hukimbilia zile meli za 500 na kuziacha sayari za jirani zikiwa tupu.

Katika tawi la utafiti la ujenzi, taifa lako likiwa linachagua, chukua viwanda vinavyojiendesha, uache silaha za sayari zilizo karibu yake. Katika tawi la kompyuta chukua maabara ya utafiti. Vyote viwili vijengwe kila koloni, mapema. Ukitaka kununua kitu kwa pesa, subiri kifike nusu ya kazi, kwani kabla ya hapo kila kipimo kilichobaki unakilipia bei mbaya sana.

Kisha meli za mizigo. Mpwa wangu alikaa kitako siku moja, watu wake wanakufa njaa kwenye koloni mbili, akaniita: "Mjomba, shikamoo. Hebu njoo uone, chakula ninacho kimejaa nyumbani, mbona hawa wanakufa?"

"Marahaba, mwanangu. Kimejaa nyumbani, na nani amekipeleka huko?"

Chakula hakirushwi chenyewe kwenda nyota nyingine. Kila meli ya mizigo inabeba kipimo kimoja cha chakula, na kuhamisha kundi moja la watu kunahitaji meli tano. Zijenge kabla ya koloni la tatu. Na uhamishe watu kutoka sayari iliyojaa kwenda changa, kwa sababu sayari iliyojaa haizai tena na iliyo nusu ndiyo inayozaa kwa kasi.

Hatua za mwanzo ukichagua Stellaris

Chukua dola iliyotengenezwa tayari, United Nations of Earth. Ni binadamu, wanaanza kwenye Dunia yetu, na tabia yao ya kupenda wageni inawarahisishia urafiki. Usitengeneze taifa lako mwenyewe mara ya kwanza. Gemu haina Kiswahili, na maelezo yake ya Kiingereza ni marefu, kwa hiyo simamisha kalenda kila dirisha likifunguka, soma mpaka uelewe. Hakuna anayekukimbiza.

Unaanza na meli moja ya sayansi, moja ya ujenzi na manowari tatu ndogo. Agiza meli ya pili ya sayansi mapema, hata ya tatu. Mfumo usiopimwa huwezi kuutwaa, kwa hiyo kasi ya kupima ndiyo kasi ya kutanuka. Kila kituo kipya kinakula aloi na ushawishi. Ushawishi unaingia polepole sana, na mgeni huuacha urundikane kana kwamba ni akiba ya arusi. Utumie. Anza na mifumo iliyo kwenye njia panda, ile ambayo mtu lazima apite akitaka kuingia kwako. Ukishaifunga, mifumo ya nyuma yake ni yako hata ukiichukua baadaye.

Tazama mistari ya juu ya skrini kila mwaka wa mchezo unapoanza. Namba yoyote yenye alama ya kutoa, ishughulikie kabla ya kujenga kingine. Kuna soko ndani ya gemu toka siku ya kwanza, uza chakula kilichozidi, nunua madini. Wanakukata kidogo, lakini ni nafuu kuliko kupungukiwa. Na uwe na habari kwamba dola ikikua sana, gharama ya kila utafiti inapanda pamoja nayo. Hilo lisikutishe mwanzoni. Mgeni anayebaki mdogo kwa kuogopa gharama hiyo anashindwa zaidi kuliko anayetanuka.

Manowari

Gemu zote mbili zinakuadhibu ukijaza manowari mapema. Ya zamani inahesabu uwezo wako wa kuamuru meli, na kila kipimo unachozidisha unakilipa pesa 10 kila zamu. Mpya inaongeza gharama ya kutunza jeshi lote ukipita kikomo. Vijana wanapenda manowari, naelewa, ndizo zinazong'aa. Lakini ukubwa wa jeshi peke yake haukulindi.

Tanga tunalo somo la hili. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa jeshi kutoka India la watu karibu 8,000. Wajerumani walikuwa karibu elfu moja chini ya Lettow-Vorbeck, lakini walikuwa na reli ya kutoka Moshi, wakawaleta askari wao kwa garimoshi mpaka hapa mjini kwa wakati. Waliokuja kwa meli wakashindwa, wakarudi baharini na kuacha silaha nyingi nyuma. Nyuki waliowauma askari wanatajwa sana katika kisa hicho, ila reli ndiyo ninayowaambia vijana waikumbuke. Katika Stellaris kusanya kundi moja la manowari, liweke katikati ya njia zako, na uimarishe kituo cha njia panda. Katika Master of Orion II jenga kituo cha kijeshi juu ya koloni za mpakani, kinapigana na pia kinakuongezea uwezo wa kuamuru. Vita ya kwenda kwa mwenzako isubiri mpaka viwanda vyako vinaweza kuziba pengo la manowari iliyopotea bila kulaza watu njaa.

Na kumbuka kwamba vita si lazima. Katika Master of Orion II unaweza kushinda kwa kuchaguliwa na baraza la galaksi ukipata theluthi mbili ya kura, na kura zinafuata wingi wa watu. Aliyetanuka vizuri, akafunga mikataba ya biashara mapema na kuvumilia hasara yake ya zamu za kwanza, mara nyingi anachaguliwa bila kurusha kombora.

Kwa hiyo uchukue ipi

Laptopu ya mtumba, ndugu wawili watatu nyumbani, bando la kubana: Master of Orion II, bila kusita. Kompyuta nzuri, unacheza peke yako, unapenda hadithi na huchoki kusoma: Stellaris, galaksi ya nyota 200, ugumu wa chini. Huna hata senti ya kununua: ipo FreeOrion, inatengenezwa na wanaojitolea, ni bure, imefuata nyayo za Master of Orion, na inachezwa kwa zamu. Sura yake ni kavu kidogo na haikushiki mkono, lakini hesabu zake ni za kweli.

Uwezo wa kuchagua zote ukiwepo, cheza ya zamani mpaka ushinde michezo miwili mitatu, ndipo uhamie mpya. Ukihama, acha tabia moja: ile ya kupanga sayari moja moja kila wakati. Stellaris haikusubiri, na koloni zikifika kumi, kuzitembelea zote kutakula usiku kucha. Pitia kila mwanzo wa mwaka, zikabidhi za mbali usimamizi wa kompyuta yenyewe, na wewe ubaki na mji mkuu, mpaka na zile namba za juu.